Kufuata Maji ya Kihansi

Mto Kihansi unaanzia kwenye nyanda za baridi za Iringa, upande wa Mufindi na Kilolo, huko ambako mwezi wa Juni watu hawatoki nyumbani bila koti. Unapita kwa utulivu kando ya mashamba ya mahindi na mabaki ya misitu, kisha unafika ukingo wa milima ya Udzungwa na ardhi inaishia hapo. Kutoka ukingoni maji yanashuka zaidi ya mita 800 hadi Bonde la Kilombero, kwenye joto, mpunga na reli ya TAZARA. Mhandisi yeyote akionyeshwa mteremko kama huo ataanza kupiga hesabu za megawati, na hesabu zake zitakuwa sahihi.

Kabla ya mhandisi, maporomoko yale yalikuwa na kazi nyingine. Maji yalipogonga miamba yalipasuka yakawa manyunyu, na upepo wa maporomoko yenyewe ukayasambaza usiku na mchana, masika na kiangazi, juu ya majani yaliyoota kwenye miteremko ya korongo. Eneo lililolowa namna hiyo bila kukauka lilikuwa dogo sana, kama hekta 2 hivi kwa jumla. Humo ndimo alimoishi chura ambaye hajapata kuonekana porini mahali pengine popote duniani.

Nimeifuata njia ya maji haya, kwa treni, kwa miguu na kwa makaratasi ya zamani, kwa sababu sijaona mahali pengine nchini ambapo historia ya viwango vya mazingira, jamii na utawala katika sekta ya umeme imeandikwa waziwazi kiasi hiki. Siku hizi benki, wawekezaji na mashirika ya umma huvitaja viwango hivyo katika kila mkutano, kama vitu vilivyokuwapo tangu zamani. Ukweli ni kwamba viliokotwa njiani, kimoja baada ya kingine, na mara nyingi viliokotwa baada ya kitu kuharibika.

Ili kuelewa kwa nini Kihansi ilijengwa kwa pupa, inabidi kurudi Kidatu. Kituo cha Kidatu kilianza kufua umeme mwaka 1975 kwa maji ya Ruaha Mkuu. Mwaka 1980 likakamilika bwawa la Mtera, huko juu ya mto, ili liwe ghala la maji ya Kidatu wakati wa kiangazi, na mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake ya megawati 80. Ukiongeza megawati 204 za Kidatu, na vituo vya Mto Pangani ambavyo ni vidogo zaidi, utaona kwamba gridi ya taifa ilikuwa imeegemea maji karibu kwa kila kitu, na sehemu kubwa ya maji hayo ilitoka mto mmoja. Mvua zilipokosekana mwaka 1992, kisha tena 1994, kina cha Mtera kikashuka na mgao ukaingia kila nyumba. Mashine za kusaga, saluni, viwanda vya nguo, wodi za hospitali, wote wakaanza kupanga maisha kwa kufuata ratiba ya giza.

Katika giza hilo ndipo maamuzi matatu yalipoanza safari yake. Moja lilielekea Tegeta, la pili Usangu, la tatu Kihansi.

La Tegeta nitalipita haraka, kwa kuwa limeandikwa na kujadiliwa sana. Mei 1995 Serikali na shirika lake la umeme, TANESCO, walisaini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL kwa ajili ya mitambo ya mafuta ya megawati 100 huko Tegeta, bila kushindanisha zabuni. Benki ya Dunia ilipinga, ikisema gesi ya Songo Songo ingetoa umeme kwa gharama nafuu zaidi. Ubishi juu ya gharama za mradi ulifika kwenye usuluhishi wa kimataifa, ambako gharama hizo zilipunguzwa, na mitambo iliyoagizwa kuokoa nchi na ukame wa 1994 ikaanza kuuza umeme kibiashara mwaka 2002. Fedha zilizobaki katika mgogoro ziliwekwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow katika Benki Kuu. Zilipotolewa mwaka 2013, zaidi ya shilingi bilioni 300, Bunge liliwaka moto mwaka uliofuata na baadhi ya viongozi wa juu wakajiuzulu au kuondolewa. Bei ya yote hayo ililipwa na mteja wa TANESCO ambaye hakuwahi kuuona ukurasa hata mmoja wa ule mkataba.

Uamuzi wa Usangu ulichelewa zaidi na uliumiza watu wengine kabisa. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto ambao wazee wa Usangu na askari wa hifadhi walizoea kuuona ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtera ikikauka, vidole vilielekezwa juu ya mto, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji wa bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu. Mwaka 2006 ikatolewa amri wafugaji waondoke. Ng'ombe walihamishwa kwa maelfu kuelekea mikoa ya kusini na mashariki, mifugo mingi ikapotea njiani, na malalamiko ya faini na manyanyaso yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 2007 Serikali yenyewe iliunda tume ya kuchunguza operesheni hiyo. Mwaka 2008 eneo la Ihefu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha.

Kinachonisumbua katika kisa cha Usangu ni kwamba ushahidi ulikuwapo kabla ya amri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao wa Uingereza na wa taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, walikuwa wameshughulikia bonde hilo tangu mwaka 2001. Walionyesha kwamba uhusiano kati ya mifereji ya mpunga na mgao wa umeme ulikuwa dhaifu kuliko ulivyotangazwa. Maji ya kiangazi yanayochukuliwa Usangu ni kidogo, na sehemu kubwa yake ingeishia kwenye ardhi oevu na kupotea hewani kabla ya kufika Mtera. Namna bwawa lenyewe lilivyoendeshwa, maji yalifunguliwa lini na kwa kiasi gani, ilikuwa na mchango mkubwa katika upungufu wa miaka ya 1990. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kwenda Lindi alikuwa anabeba lawama ambayo sehemu yake ilistahili kubaki katika chumba cha kuendeshea mitambo.

Sasa turudi Kihansi, ambako habari ni ndefu na inastahili urefu wake.

Mradi wa Kihansi ya Chini ulipata fedha kutoka Benki ya Dunia, Norway, Sweden, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Kiufundi ulikuwa mzuri. Bwawa lake ni dogo, ukuta wa zege wa mita 25 tu, kwa sababu nguvu ya Kihansi iko kwenye kimo chake. Maji yanakingwa pale juu, yanaingizwa kwenye handaki ndani ya mlima, yanaangukia mitambo mitatu ya Pelton, kila mmoja megawati 60, iliyofungwa chini ya ardhi, kisha yanatoka na kurudi mtoni chini ya korongo. Hakuna vijiji vilivyozamishwa, wala ziwa kubwa lililofunika mashamba. Ukiupima kwa kuulinganisha na mabwawa makubwa ya Afrika, ule ulikuwa mradi wa kupigiwa mfano, na wafadhili waliuona hivyo.

Tatizo lilikuwa kile kipande cha mto kati ya ukuta wa bwawa na mlango wa kutokea maji. Kwenye ramani ya uhandisi kilikuwa kipande cha kurukwa. Tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 haikulichunguza korongo lenyewe kwa kina. Kuta zake ni mwinuko mkali, msitu ni mzito, na kuingia humo kulihitaji muda na kamba. Benki ya Dunia tayari ilikuwa na maelekezo yake ya mwaka 1991 yaliyotaka tathmini kamili kabla ya mkopo. Tanzania yenyewe haikuwa na sheria iliyolazimisha tathmini hiyo. Ilikuwa na Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira, NEMC, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1983 likiwa na kazi ya kushauri tu. Uchunguzi wa kina wa viumbe wa korongo ulianza wakati baruti zilikuwa zimeshaanza kulia.

Desemba 1996, wanabiolojia waliokuwa wakipekua majani yaliyolowa chini ya maporomoko walimwona chura mdogo wa rangi ya haradali. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai, ikiahidi kulinda spishi zake. Chura akapewa jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, katika maelezo ya Poynton, Howell, Clarke na Lovett. Kim Howell, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi, alikuwa miongoni mwao. Tangu siku ya kwanza maelezo hayo yalimtaja kama spishi iliyo hatarini kabisa. Sayansi ilikuwa imemtambua kiumbe na kumhukumu kwa pamoja, kwa sababu waandishi walijua ratiba ya ujenzi.

Nilimwona chura huyu Mlimani, katika jengo la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanamofugwa. Viatu vinavuliwa mlangoni, mikono inaoshwa kwa dawa. Ndani ya matangi ya kioo, bomba jembamba linanyunyiza maji kila baada ya muda, na majani yote yanang'aa. Inachukua dakika kadhaa jicho kuzoea kabla hujawaona, halafu unagundua kwamba wako kila mahali. Jike mkubwa hafiki sentimita 3, dume hafiki 2. Hawana masikio ya nje. Ngozi ya tumbo la jike mwenye mimba inapitisha mwanga, kiasi kwamba alipopanda kwenye kioo niliweza kuona vivuli vyeusi vya watoto waliokunjamana ndani. Wanazaliwa wakiwa vyura kamili, bila kupitia maisha ya kiluwiluwi majini, na kila mmoja ni mdogo kuliko punje ya mchele. Kwa kiumbe aliyeishi mahali ambapo maji yanakwenda kwa kasi ya kung'oa miti, uzazi wa namna hiyo una maana kubwa: kiluwiluwi angesombwa siku ya kwanza.

Mitambo ilianza kuwashwa mwishoni mwa 1999, na mwaka 2000 kituo kizima kikawa kazini. Kwa megawati zake 180, Kihansi ilifikisha umeme wa maji nchini kwenye megawati 561, yenyewe ikichangia karibu theluthi moja. Hilo halikuwa jambo dogo kwa nchi iliyokuwa imetoka kwenye mgao, na sitaki msomaji alisahau. Upande wa pili, mto uliokuwa ukipitisha wastani wa mita za ujazo 16 kwa sekunde ukabakiziwa takriban asilimia 10 ya maji yake. Manyunyu yakakoma. Majani yaliyokuwa yamelowa kwa miaka isiyohesabika yakaanza kukauka, na mimea ya nchi kavu ikaanza kuyavamia.

Hapo ndipo viwango vilipoanza kutafutwa kwa haraka ileile iliyotumika kujenga. Wanaharakati wa mazingira wa Sweden, ambao kodi zao zilikuwa ndani ya mradi, walipaza sauti. Wafadhili waliangalia upya masharti ya mikopo yao. Kati ya 2000 na 2001 yakatandazwa mabomba korongoni, yakichukua maji juu na kuyashusha kwa mvuto wake hadi kwenye vinyunyizio vilivyopangwa juu ya majani, ili kuiga kwa vali na pua za chuma kile ambacho maporomoko yalikifanya bure. Novemba na Desemba 2000 vyura 499 walikusanywa, wakapakiwa, wakapelekwa Marekani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kugawiwa kwenye bustani nyingine. Wengi walikufa. Waliobaki kuendeleza kizazi walikuwa hasa wa Bronx na Toledo.

Vijiweni habari hii ilichekwa sana. Iweje chura apande ndege wakati mwananchi hana nauli ya basi? Swali hilo lilikuwa na uchungu wa haki ndani yake, na lilistahili jibu la heshima. Jibu ni kwamba gharama zote zile, za ndege, za mabomba, za mradi maalumu wa mazingira wa Kihansi ya Chini uliokopewa fedha Benki ya Dunia mwaka 2001, zilitokana na kuruka hatua moja ambayo ingegharimu fedha kidogo mno mwaka 1992: kutuma watu wenye kamba, tochi na madaftari wakae korongoni misimu miwili kabla ya michoro kukamilika. Mwananchi asiye na nauli ndiye aliyelipa tofauti, kwa kuwa mkopo ni wake.

Kisha likaja lile la mwaka 2003, ambalo bado linajadiliwa. Vinyunyizio vilionekana kufanya kazi. Hesabu ya Juni mwaka huo ilikadiria vyura takriban 20,000 korongoni, idadi ya kutia moyo. Wiki chache baadaye idadi ikaporomoka. Januari 2004 watafiti waliwaona watatu tu na kusikia sauti za madume wawili. Mwaka 2005 alionekana wa mwisho. Uchunguzi ulikuta kuvu wa kitridi, ugonjwa wa ngozi uliomaliza amfibia katika mabara mengi. Ilielezwa pia kwamba kuelekea mwisho wa Juni milango ya chini ya bwawa ilifunguliwa kusafisha tope, na tope hilo huenda lilibeba viuatilifu vya mashamba ya huko juu. Tena vinyunyizio viliwahi kukwama. Huenda kila kimoja peke yake kingevumilika. Kiumbe aliyekuwa amebanwa kwenye nafasi ndogo, akitegemea mabomba, hakuwa na akiba ya kuhimili vitatu kwa pamoja. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likamtangaza kuwa ametoweka porini.

Hilo tope la bwawani lina funzo ambalo wataalamu wa tathmini huko nyuma walilikosa. Walichora mpaka wa mradi kuzunguka bwawa, handaki na kituo. Mkulima wa mahindi aliye kilomita nyingi juu ya mto, anayepuliza dawa kwa bomba la mgongoni, hakuwemo kwenye ramani, na hakuna aliyekwenda kuzungumza naye kabla. Mipango iliyokuja baadaye ilianza kufanya kazi na vijiji vya kidakio: hifadhi ya vyanzo, kilimo kisichomomonyoa udongo, matumizi ya dawa. Ni kazi ya polepole, haipigwi picha sana, na kwa maoni yangu ndiyo iliyofika karibu zaidi na kiini cha mambo.

Tarehe za wakati ule zinashangaza ukizipanga pamoja. Juni 2003, mwezi ule wa hesabu nzuri ya mwisho ya vyura, benki kubwa 10 za kimataifa zilitangaza Kanuni za Ikweta, zikiahidi kutokopesha miradi mikubwa isiyopimwa athari zake kwa mazingira na jamii. Mwaka 2004, vyura walipokuwa wakihesabika kwa vidole, ripoti ya mpango wa Global Compact wa Umoja wa Mataifa iliyaweka mazingira, jamii na utawala kwenye kapu moja na kuwataka wenye mitaji wayapime pamoja. Mwaka huohuo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004, ambayo kwa mara ya kwanza ilifanya tathmini ya athari kuwa lazima kabla mradi haujaanza na kuipa NEMC meno. Na mwaka huohuo TANESCO ilipewa haki ya kudumu ya kutumia maji ya Kihansi, ikiwa na sharti kwamba kiasi fulani lazima kiachwe kipite korongoni.

Sharti hilo ndilo lililonifanya nisimame zaidi. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikishuka kimo cha Kihansi, ni kama megawati 7 za umeme. Ukiacha mita moja na nusu hadi mbili zipite, umeacha megawati 10 na zaidi, saa 24, mwaka hadi mwaka. Kwa lugha ya mhasibu hiyo ni hasara. Kwa lugha ya kibali ni gharama halali ya kuendesha kituo, sawasawa na grisi ya mitambo na mishahara. Nimekuja kuamini kwamba kiwango chochote kinaanza kuwa cha kweli pale kinapoandikwa kwa tarakimu kwenye kibali chenye jina la mtu wa kuwajibika na kipimo cha maji kinachosomwa. Sera nzuri ambayo haijafika kwenye vali ya bwawa haijafika popote.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi Dar es Salaam kutoka Marekani. Mwishoni mwa 2012, zaidi ya 2,000 walirudishwa korongoni. Wahifadhi walieleza kuwa ni mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetoweka porini kurejeshwa kwao. Anayeingia korongoni siku hizi husafisha buti kwa dawa ili asibebe kuvu. Korongo hilo hilo lilikuja kujulikana pia kwa mbuni wa porini, Coffea kihansiensis, uliotambuliwa rasmi mwaka 2004. Nikiufikiria mbuni ule hujiuliza ni vitu vingapi vilivyokuwa humo ambavyo havikupata bahati ya kuonwa kabla maji hayajageuzwa.

Kutoka chini ya korongo maji ya Kihansi huingia Kilombero, mto unaoipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Bonde la Kilombero lilitambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mbele zaidi, maji yaleyale yaliyozungusha mitambo ya Kihansi hufika kwenye korongo lililoitwa kwa jina la Stiegler, ambalo Wajerumani waliliona, RUBADA, mamlaka ya kuendeleza Bonde la Rufiji iliyoundwa mwaka 1975, ikalipangia, na wataalamu wa Norway wakalichora. Leo pana Bwawa la Julius Nyerere: mitambo 9, megawati 2,115. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni za Misri, kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5, bwawa likaanza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa mwaka 2024. Kituo hicho kimoja ni zaidi ya mara 11 ya Kihansi, na kimeiondoa nchi katika hofu ya mgao iliyokuwa nayo kwa miaka 30.

Kuna tofauti moja kati ya vituo hivi viwili ambayo haizungumzwi inavyostahili. Kihansi ilijengwa kwa mikopo ya nje, na masharti yalikuja na mikopo hiyo. Chura alipopatikana, wapo waliokuwa na mahali pa kulalamika, Washington na Stockholm. Bwawa la Nyerere limejengwa kwa fedha za Serikali yenyewe. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilitaka kazi zisitishwe hadi tathmini zikamilike, kwa kuwa eneo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, urithi wa dunia tangu 1982. Serikali ilijibu kwamba nchi ina haki ya kuendeleza rasilimali zake, na ikaendelea. Naiheshimu haki hiyo. Inapotumika, hata hivyo, hakuna mfadhili wa kutukumbusha, hivyo kila kitu kinabaki juu ya sheria yetu ya 2004, juu ya NEMC, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na Bunge. Miaka ya Kihansi ilituzalia sheria hiyo, na hapa Rufiji ndipo inapopimwa bila mtu wa nje wa kuishikilia.

Chini ya bwawa, kuanzia Mloka hadi Utete na kuendelea mpaka kwenye mikoko ya delta, watu wamekuwa wakilima kwa kufuata mafuriko. Maji yakipanda huleta tope jipya. Yakishuka, kuanzia mwezi wa Mei hivi, mkulima anafuata ukingo wake akipanda mahindi na mbogamboga kwenye udongo wenye unyevu. Kilimo hicho wanakiita mlau, na kwa familia nyingi kimekuwa kikiokoa mwaka ambao mvua zimekataa. Bwawa linayakata mafuriko madogo ya kila mwaka yanayolisha mlau na mikoko, huku mafuriko makubwa yakiendelea kuwapo. Aprili 2024, katika mvua nyingi za msimu ule, maji yalifunguliwa bwawani na Rufiji ikafurika; Muhoro na maeneo jirani nyumba na mashamba vilizama. TANESCO ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi, na huenda ni kweli. Kwa mtu aliyeamka maji yakiwa kitandani, jambo la kwanza la kuuliza ni kama alipewa taarifa mapema, na kwa njia gani iliyomfikia.

Sheria ya Mazingira inampa mwananchi haki ya kupata taarifa na kushiriki katika maamuzi. Kwa Rufiji haki hiyo ina sura ya kawaida kabisa: ratiba ya kufungua maji iliyokubaliwa kati ya TANESCO, Bodi ya Maji ya Bonde na vijiji, yenye mita za ujazo kwa sekunde kwa kila mwezi, ikiwemo mafuriko madogo yanayofunguliwa kwa makusudi kwa ajili ya mlau na delta. Ibandikwe kwenye ofisi za vijiji na itumwe kwa simu siku kadhaa kabla milango haijaguswa. Mtu ateuliwe kwa cheo, apokee simu ya mwenyekiti wa kijiji usiku wa manane na kumjibu. Na ipitiwe upya kila mwaka, mwezi wa Aprili, kabla mkulima wa Utete hajaamua ni mbegu kiasi gani anunue.